Kaka, ile sindano hukupaswa kuiinua

Shikamoo kaka.

Nasikia unawaambia watu kwamba hausi, muziki wetu wa dansi wa mashine, ilikwisha zamani, na kwamba sisi wadogo zako tumebaki na makelele ya kompyuta. Nakujibu hapa mbele za watu kwa sababu simu yangu hupokei.

Wewe ndiye uliyenifundisha kusikiliza. Ulinikalisha chini ukaniwekea "Can You Feel It" ya Larry Heard, ya mwaka 1986, ukaniambia niachane na ngoma nifuate besi. Ukanieleza kuwa yule bwana alikuwa mpiga ngoma kabla hajashika kinanda cha umeme cha Juno-60 na mashine ya ngoma ya TR-909, ndiyo maana hana haraka ya kujaza kila nafasi. Hilo nitakushukuru mpaka naingia kaburini.

Sasa tuje kwenye santuri ya "One Day" ya Loidis, ya 2024. Nilikuja nayo kwako ikiwa bado kwenye nailoni yake, nikitaka tuisikie wote kwa mara ya kwanza. Upande wa kwanza haujafika hata katikati, ukanyanyuka, ukainua sindano kwa kidole kimoja, ukasema, "Hapa hakuna kitu." Wageni wakacheka. Kisha ukaichomeka santuri kwenye jalada ikiwa uchi, mfuko wake wa ndani ukauacha juu ya meza. Kicheko nimekisamehe. Mfuko ule bado. Wewe uliyekuwa ukinichapa mkono nikigusa tu mistari ya santuri!

Na kitu kilikuwapo, kaka. Brian Leeds, ambaye ndiye Loidis na wengi wanamjua kwa jina la Huerco S., anarudia kodi fupi zilezile, yaani noti kadhaa zinazolia kwa pamoja, huku akizibadilisha taratibu mno. Ukisubiri, unashtuka besi imeshahama na hukumwona akiihamisha. Si ndilo somo ulilonipa wewe mwenyewe?

Kama unataka tekno, ndugu wa hausi, tafuta "Resort" ya Skee Mask, nayo ya 2024, kutoka lebo ya Ilian Tape ya Munich. Midundo imevunjwavunjwa lakini juu yake pametulia. Usiisikilizie kwenye spika ya simu, besi yote itapotea halafu utasema nimekudanganya.

"Singeli Ya Maajabu" ya Sisso na Maiko najua utaikataa kwa sababu ya kasi, maana singeli hupita midundo 200 kwa dakika na wewe umezoea 120. Sikiliza kinanda cha Maiko. Kinacheka, kinakimbia, kinarudi palepale. Vijana wa Detroit, kule Marekani, walipochezea mashine wakatoa sauti ngeni uliwaita mabingwa. Wa Dar es Salaam wakifanya hivyo, unawaita wapiga kelele. Kwa nini?

Wapo wanaosema sikufanya vizuri kuondoka usiku ule bila kuaga. Ningekaaje? Ningekuwa nimekuletea chakula ukakimwaga mbele ya watu, hakuna ambaye angeniuliza kwa nini nilichukua viatu vyangu. Sikupaza sauti, sikukujibu vibaya, na kwa wengine nimeendelea kukusifu kama zamani. Shemeji ni shahidi yangu.

Hata hivyo nimekuwekea moja. "Under Tangled Silence" ya Djrum, ya 2025. Piano humo anaipiga mwenyewe, kwa vidole, na unajua piano ndiyo udhaifu wako. Sehemu kubwa ya kazi ile iliharibika pamoja na diski ya kompyuta, akaanza upya. Ngoma zinaingia zimechelewa, kisha zinamwagika zote kwa pamoja, piano isizame. Nilipofika hapo nilitaka kukupigia.

Nitampa shemeji akuletee. Isikilize pande zote, ukiwa peke yako, pasiwe na wa kumchekesha. Ukiona bado hakuna kitu, niambie ni wapi hasa palipokuchosha, tubishane kama zamani. Na mfuko wa ndani uurudishe.