Shukrani kwa kaka wa studio ya picha, Kariakoo

Kaka yangu, jina sikukuuliza, nawe hukuniuliza langu. Ni wewe uliyeacha picha zako za pasipoti ukamsikiliza mama mzima akieleza habari za sungura na fisi wa matofali ya LEGO, yale ya plastiki ya kuchezea watoto.

Filamu yetu imekamilika! Wanangu walisogeza wanyama kidogo kidogo, mimi nikapiga picha kila waliposogeza, ili zikifuatana haraka wanyama waonekane wakitembea. Tatizo lilikuwa lile la filamu kumemeteka, mara giza mara mwanga. Ukaniambia nisiiachie simu ijipangie mwanga wala fokasi, nifunge pazia kwa sababu jua linatembea, nitumie taa, tena sote tuvae nguo nyeusi, maana plastiki ya kung'aa huakisi kila shati linalopita. Hilo la shati nisingeliwaza maisha yangu yote.

Ukanipigia na hesabu: picha 12 kwa sekunde zinatosha, kila moja ikihesabiwa mara mbili kwenye filamu ya picha 24 kwa sekunde. Dakika moja, picha 720. Watoto walishangilia, mimi nilitafuta kiti.

Fisi wetu shingo haigeuki, kwa hiyo hugeuka mwili mzima, na kusema kweli ndiyo maana anachekesha kuliko sungura.

Ulikataa hela, ukasema malipo yako ni kuiona filamu. Nimepita nikakuta pamefungwa. Ahsante sana, kaka. Filamu iko kwenye simu, nitapita tena Jumamosi na wanangu.