Asante, mzee wa kambi ya Tucson

Wiki iliyopita, hapa Arizona, joto lilipita nyuzi 40 na kiyoyozi cha nyumba yetu ya magurudumu, ya mwaka 1994, kikagoma. Fundi wa kwanza alishasema tununue kipya.

Mzee jirani, jina hata sikumuuliza, akaja na mita ya kupimia umeme. Akapima kwenye themostati, kidude cha ukutani kinachowasha na kuzima kiyoyozi: volti 12 zipo. Akazima umeme, akaunganisha waya wa volti 12 na wa feni na wa kupoza moja kwa moja, bila kupitia themostati, akawasha. Kompresa, ile pampu ya kupoza, ikanguruma! Kumbe mgonjwa ni kile kidude cha ukutani tu, vidole vyake vya shaba vya kupitisha umeme vimeota kutu ya kijani. Akavisugua taratibu, akarudisha kila waya mahali pake.

Pesa alikataa. Chai ya tangawizi alikunywa vikombe viwili. Wenye mita, gongeni milango ya jirani.