Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Umoja wa Wazazi na Walimu, Mwaka wa Shule 2024

Mheshimiwa Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wajumbe wa Kamati ya Usimamizi wa Shule, wazazi wenzangu mliofika, na ninyi mtakaoingia nikiwa ukurasa wa mwisho: asalaam aleikum, na Bwana asifiwe.

Barua ya mwaliko ilisema saa nne asubuhi. Taarifa hii nimeiandika nikijua itaanza kusomwa saa sita. Suala hilo nitalirudia mbele, asiyelipenda avumilie.

Shughuli za mwaka mnazijua, sitawachosha. Vyoo vya wavulana vimepata milango. Chai ya walimu imeendelea, ingawa muhula wa pili sukari ilipungua. Siku ya michezo ilifanyika mpaka mvua ilipotuvunja. P.4, yaani darasa la nne la msingi, walitembelea makao makuu ya wilaya, P.5 walikwenda Jinja, P.6 walipelekwa kwa miguu mpakani hapa Busia kuona jinsi maofisa wa Uganda na Kenya wanavyofanya kazi pamoja katika kituo kimoja cha forodha. P.7 walifanya PLE yao, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, Novemba, masomo yote manne, na sasa tunawasubiri UNEB, baraza la mitihani la taifa, watoe matokeo. Uzio wa upande wa barabara haujaisha. Unaendelea.

Nije kwenye jambo ambalo najua ndilo lililowaleta wengine hapa leo, maana kwa mikutano mingine sikuwaona.

Kabla ya muhula wa pili kufunguliwa, kamati ninayoiongoza iliamua kufunga makundi yote saba ya WhatsApp ya wazazi, kuanzia P.1 hadi P.7, na mahali pake tukaweka karatasi ya Ijumaa pamoja na ujumbe mfupi wa simu. Tangu siku hiyo nimeitwa majina. Nimeambiwa nawarudisha wazazi zama za mawe. Nimeambiwa nilifunga makundi kwa sababu nilisemwa humo. Leo nitaeleza kwa urefu, na iandikwe katika kumbukumbu kwamba nimeeleza.

Makundi yale yalizaliwa na korona. Shule zilifungwa Machi 2020, na madarasa yote yakaja kufunguliwa tena tarehe 10 Januari 2022. Karibu miaka miwili watoto wako nyumbani! Wakati ule mwalimu alikuwa anapiga picha ya maswali, anatuma, mzazi mwenye bando anapakua, jirani anakuja kunakili. Yalisaidia, sikatai. La P.3 nililifungua mimi mwenyewe kwa simu yangu, na wengi wenu niliwaingiza mmoja mmoja usiku. Lakini shule ilipofunguliwa hakuna aliyekaa akauliza kama chombo cha dharura ndicho hicho hicho kitumike siku zote. Yakaachwa yajiendee, na yakajiendea kweli. Kufikia mwaka jana ukifungua kundi la P.5 unakuta sala ya asubuhi, tangazo la mikopo, viatu vya mitumba, video ya lori lililopinduka, siasa, na ubishi wa Arsenal ambao haukuwa na kichwa wala miguu. Kazi ya nyumbani ya hesabu unaitafuta humo kama sindano iliyoangukia kwenye gunia la mahindi.

Sasa kumbukeni ziara ya Jinja. Tangazo liliwekwa kwenye kundi usiku, majuma mawili kabla: siku, saa, mchango wa nauli, mtoto abebe chakula na maji, avae viatu vya kufunga. Kufikia asubuhi lilikuwa limeshafunikwa na zaidi ya ujumbe mia. Siku ya safari wapo watoto waliofika na ndala, wapo waliofika mikono mitupu, na wapo kama kumi hivi ambao wazazi wao hawakujua kabisa kwamba kuna safari. Hao kumi walibaki langoni basi likiondoka. Mimi nilikuwepo, niliwaona. Kuna mzazi aliyeniambia baadaye kwamba ni matembezi tu, mtoto ataenda mwaka mwingine. Ndugu zangu, mtoto wa P.4 katika somo la jamii anasoma wilaya yake, P.5 anasoma Uganda, P.6 Afrika Mashariki, P.7 Afrika. Bwawa la Nalubaale lililofunguliwa 1954 na daraja jipya la Nile la 2018, vyote vya Jinja, ni vya P.5. Mwaka ujao atakuwa kwenye mada nyingine.

La pili ndilo lililonikasirisha zaidi. Baada ya mitihani ya katikati ya muhula, picha ya orodha ya alama ya darasa moja iliwekwa kwenye kundi, majina yote, wa kwanza hadi wa mwisho. Sitataja darasa wala aliyeiweka. Mzazi wa mtoto aliyeshika mkia alisomewa orodha ile sokoni na mwenzake kwa sauti, mbele ya wateja. Mtoto hakuja shule siku tatu. Uganda tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, na sheria hiyo haikuruhusu kushughulika na taarifa za mtoto bila ridhaa ya mzazi au mlezi wake. Waliosema mwenyekiti anajifanya mwanasheria, nakala ipo, njooni tuisome pamoja. Sasa alama za mtoto zinakwenda kwa mzazi wake peke yake, ndani ya daftari, na picha za ziarani hazisambazwi.

La tatu ni hesabu rahisi. Niliwaomba walimu wa P.4 wawaulize watoto ni nyumba ngapi zina simu janja. Darasa lina watoto 68. Zilizopatikana ni 23, na kati ya hizo nyingine simu ni ya baba, na baba yuko safarini. Wengine wote ni katochi, simu ndogo za kawaida zisizo na intaneti ya WhatsApp. Na mwenye simu janja naye lazima awe na bando. Mnakumbuka kodi ya shilingi 200 kwa siku iliyoanza Julai 2018 kwa WhatsApp na wenzake. Ilipoondolewa 2021 ikaja asilimia 12 juu ya data yenyewe. Mama anayeuza mboga kule mtaa wa Sofia achague, anunue bando ajue mtoto ana jaribio la sayansi, au anunue mafuta ya taa mtoto asome hilo jaribio? Januari 2021 intaneti ilipozimwa wakati wa uchaguzi, makundi yote yalikuwa kimya kwa siku kadhaa. Bahati shule zenyewe zilikuwa zimefungwa kwa madarasa mengi.

Kwa hiyo tukafanya hivi. Kila Ijumaa mchana mtoto anatoka na robo karatasi. Upande mmoja Kiingereza, upande wa pili Kiswahili. Inasema kazi za nyumbani za juma linalokuja, majaribio na mada zake, kama kuna ziara basi siku, gharama na vitu vya kubeba, na chini kuna mahali pa mzazi kutia sahihi au dole gumba. Jumatatu kiranja anakusanya. Jioni ya Ijumaa hiyo hiyo simu ya mzazi inapokea ujumbe mmoja: karatasi imetoka leo, muulize mtoto. Basi. Waliolalamika kwamba watoto wanazikunja karatasi kuwa ndege za kurusha, ujumbe ule ndio dawa yake, maana mtoto hawezi kusema hakupewa. Na anayedhani ujumbe wa kawaida ni ushamba ajue kwamba hata matokeo ya PLE mzazi anayapata kwa kuandika PLE na namba ya mtahiniwa na kutuma kwenda 6600, kwa katochi ile ile.

Yapo malalamiko ninayoyaheshimu. Baba mmoja dereva wa lori la Juba alinijia nyumbani, akasema kwa kundi la WhatsApp alikuwa anajua mtoto wake anasoma nini hata akiwa Elegu, mpakani na Sudan Kusini, na sasa hajui. Ni kweli. Nilimshauri mama wa nyumbani awe anapiga picha karatasi na kumtumia. Akakubali kwa shingo upande. Wazazi wenye laini za Kenya nao ni wengi kuliko nilivyodhani, sisi watu wa Busia tunajijua, na ujumbe wa kuvuka mpaka una bei yake; tumewaomba watoe namba ya Uganda au ya jirani anayeaminika. Karibu nusu wametoa. Wapo pia waliotaka karatasi iandikwe Kisamia au Kiteso, kwa hoja kwamba tangu mtaala wa 2007 watoto wa P.1 hadi P.3 wanafundishwa kwa lugha ya eneo. Hoja ni nzuri. Fedha ya kuchapa lugha nne haipo. Mwalimu wa P.1 amekubali kuwasomea wanaopita langoni, na ninamshukuru hadharani.

Malalamiko mengine siyaheshimu. Imesemwa karatasi zinanunuliwa duka la shemeji yangu. Ndiyo, duka ni la shemeji yangu. Mweka Hazina alizunguka maduka matatu kuuliza bei, hilo lilikuwa la chini, na risiti zote zimo kwenye faili la kijani. Nauli ya boda ya kufuata karatasi hizo kila wiki nimetoa mfukoni mwangu, sikudai, na sidai leo, nimetaja tu ili ijulikane.

Imesemwa pia kwamba uamuzi huo wa kamati ulipitishwa mkutanoni na watu wachache. Ulipitishwa na waliokuwepo. Katiba yetu inataka thuluthi moja ya kaya, na kama haijatimia, baada ya kusubiri saa moja mkutano unaendelea na waliopo. Mkutano ule tulisubiri saa mbili. Tulifika 40 na kitu, akina mama watupu isipokuwa wanaume watano, nami nikiwa mmojawapo. Waliokuja kunipinga barabarani wiki iliyofuata walikuwa wengi kuliko waliokuja mkutanoni. Walimu nao walisita mwanzoni, wakiogopa kazi ya kuandika, na nilikaa na Mwalimu Mkuu mara kadhaa mpaka tukakubaliana kwamba kila darasa liandike mistari michache tu, uchapaji tuubebe sisi. Naye namshukuru kwa uvumilivu.

Je, imefaa? Muhula wa tatu P.3 walikwenda kwenye mashine ya kukoboa mahindi hapa jirani na hakuna mtoto aliyebaki langoni. Karatasi zinazorudi Jumatatu na sahihi ni zaidi ya nusu katika madarasa ya chini. Madarasa ya juu ni aibu, hasa P.6, na nadhani watoto wenyewe wamejifunza kusaini.

Sasa fedha, na hapa naomba tusitazamane chini. Kaya zetu ni kama 280. Ada ya Umoja ni shilingi 10,000 kwa muhula kwa kaya nzima, hata uwe na watoto sita. Waliomaliza mwaka ni 90 hivi. Waliolipa nusunusu ni 70. Waliobaki hawajaweka hata mia. Tulipaswa kupata milioni nane na zaidi, tumepata milioni tatu na laki nne. Karatasi, wino na ujumbe wa simu kwa jumla vimekula laki tisa, vyoo laki tisa na nusu, chai ya walimu laki saba, kujazia ziara laki sita. Kilichobaki ni laki mbili na nusu, na bado tunadaiwa na fundi.

Wapo wanaosema UPE, elimu ya msingi kwa wote, ni bure tangu 1997, kwa hiyo hawadaiwi. Masomo ni bure, na hakuna mtoto atakayefukuzwa darasani kwa sababu ya Umoja huu. Hatuna mamlaka hayo na hatuyataki. Lakini karatasi hainunuliwi na UPE. Mwenye kudai kundi la WhatsApp lirudi alikuwa ananunua bando kila siku, na 10,000 za muhula mzima hana. Orodha ya wasiolipa ninayo. Sitaibandika ukutani, kwa sababu nimekwisha kusema hapo juu ninavyofikiri kuhusu orodha za majina, ila nasikitika.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kumaliza uzio, kuendelea na karatasi, na kama hali itaruhusu kuangalia uwezekano wa P.7 kwenda Entebbe kuona wanyama au Kampala kwenye Jumba la Makumbusho. Tunatumaini pia kumpata mfadhili wa mashine ya kuchapa. Mazungumzo yapo mahali fulani.

Mweka Hazina atasoma hesabu kwa kirefu baada yangu. Hoja ya kurudisha makundi ya WhatsApp, iliyoletwa kwa maandishi na wanachama 12, ni ajenda ya tano na itapigiwa kura baada ya chai. Kwa mujibu wa kifungu cha nane cha katiba yetu wanaopiga kura ni waliolipa ada ya mwaka. Daftari la malipo liko kwenye meza ya mlangoni, na litafungwa chai ikianza kumiminwa.