Kwa nyie wazazi vijana wa Kiswahili mlioko huku Wales: ile barua ya kodi msiitupe

Wanangu wa Cardiff, Newport na Swansea, salaam aleikum, na habari za siku nyingi.

Naandika hapa wazi sababu nikianza kumpigia mmoja mmoja nitaonekana namsema yeye, na mimi simsemi mtu. Jumapili ile kwenye shughuli mlikuwa mnabishana habari za shule, mmoja akasema shule ya Kiwelisi, ile inayofundisha kwa lugha ya wenyeji wa hapa, iko dakika tano kutoka kwake na nafasi ipo ila hataki, "Kiwelisi kitamsaidia nini mtoto", na wengine mkaitikia. Nikanyamaza. Haikupita saa moja simu ikaingia ya video kutoka Tanga, bibi anamuuliza mjukuu wake umekula nini leo, mtoto anageuka kumtazama mama yake amtafsirie. Umekula nini tu! Niliuona uso wa yule bibi kwenye simu, nimerudi nyumbani sikulala.

Sasa hilo neno "kitamsaidia nini" wenyeji wa hapa walikuwa nalo zamani, walilisema wenyewe juu ya lugha yao wenyewe, na nataka niwaeleze mwaka mmoja tu, 1962, mwaka ambao wachache wao walilikataa. Nimeishi hapa miaka mingi ndo nikayajua haya, na nashangaa hatuambizani.

Mnaijua ile barua ya kodi ya kaunsili, yaani halmashauri, inayokuja kila mwaka, ina lugha mbili, Kiwelisi na Kiingereza, nyie mnaugeuza upande wa Kiwelisi mnatafuta bei mnaweka pembeni. Ile barua haikuja hivyo hivi hivi. Kuna kijiji kinaitwa Llangennech, karibu na Llanelli, mwaka 1952 walihamia mtu na mkewe, Trefor na Eileen Beasley, mume mchimba makaa ya mawe, mke mwalimu. Ikaja bili ya kodi ya kaunsili, Kiingereza kitupu. Na kumbukeni kijiji kile watu karibu wote wanaongea Kiwelisi, madiwani wanaongea Kiwelisi, sokoni Kiwelisi, kanisani Kiwelisi, ila karatasi ya serikali ikija inajifanya hiyo lugha haipo. Wakaandika kuomba bili kwa Kiwelisi, wakakataliwa, basi wakasema hatulipi mpaka ije. Hela wanayo. Hawalipi.

Wakapelekwa mahakamani zaidi ya mara kumi. Madalali wa mahakama wakaja nyumbani, si mara moja, wanabeba vyombo, piano ikatoka, mazulia yakatoka, na ndani mna watoto wadogo wanaangalia. Mimi kama mama hapo ndo huwa nasimama nafikiria, yule Eileen anapika jikoni huku sebule tupu, majirani wanachungulia, na bila shaka wapo waliosema huyu mwanamke ana kichaa, karatasi tu inamfanya aishi bila viti. Miaka 8 walikaa hivyo! Mwaka 1960 bili ikaja na lugha mbili.

Halafu tarehe 13 Februari 1962 mzee mmoja wa miaka 68, mwandishi, Saunders Lewis, akapewa nafasi BBC ya huku Wales kutoa ule mhadhara wao wa kila mwaka redioni. Huyu alikuwa ameshafungwa miaka ya thelathini kwa kuchoma moto majengo ya kambi ya jeshi la anga kule Penyberth, na kazi yake ya kufundisha chuo kikuu akaipoteza, kwa hiyo hakuwa mtu wa maneno matupu. Akazungumza juu ya hatima ya lugha. Akasema mambo yakiendelea hivi Kiwelisi kitakwisha kama lugha hai mwanzoni mwa karne ya 21, na akawataja hao Beasley kama mfano wa kufuata, yaani wafanyeni wakubwa washindwe kuendesha ofisi bila hiyo lugha. Sensa ya 1961 ilikuwa bado haijatangazwa, ilipotoka ikaonyesha wanaoongea ni kama 656,000, asilimia 26, wakati 1911 ilikuwa zaidi ya 43. Nusu karne tu.

Lakini nyie sikieni alichokirudia yule mzee kuhusu 1847. Mwaka huo serikali ya London ilitoa ripoti ya shule za Wales, ile inayoitwa majalada ya buluu, wakaguzi watatu Waingereza ambao Kiwelisi hawakijui wakaandika kwamba lugha hii ndo inawarudisha watu nyuma na hata tabia zao inaziharibu. Watu walikasirika sana, ila aibu ikaingia ndani. Katika karne hiyo ya 19 shule nyingi zilikuwa na kibao cha mbao, mtoto akikutwa anaongea Kiwelisi anavishwa shingoni, naye anasubiri kumkamata mwenzake amhamishie, atakayebaki nacho mwisho wa siku anachapwa. Haikuwa sheria ya serikali. Walimu waliweka na wazazi wengi waliridhia, sababu wanampenda mtoto wao, wanataka apate kazi, Kiwelisi kitamsaidia nini.

Mimi kibao nimekivaa. Shule ya sekondari nyumbani, kwa kosa la kuongea Kiswahili kwenye foleni ya chakula. Niliposikia habari za kibao cha Wales mara ya kwanza nilishika shingo bila kujua.

Turudi 1962. Kule Aberystwyth kijana mwanafunzi alikamatwa kwa kosa la kubebana kwenye baiskeli, samansi ikaja Kiingereza tupu, akaikataa, akalala rumande usiku mmoja. Kwa baiskeli! Mwezi wa nane huko Pontarddulais vijana wakaanzisha chama cha lugha, Cymdeithas yr Iaith Gymraeg, na Februari 1963 wakakaa chini barabarani kwenye daraja la Trefechan kwenye baridi kali kabisa, makusudi wakamatwe ili wadai samansi za Kiwelisi. Septemba hiyo hiyo ya 1962 ikafunguliwa sekondari ya Rhydfelen, ya kwanza kusini mwa Wales kufundisha kwa Kiwelisi. Hizi shule mnazozikataa leo zimetoka huko.

Na siwadanganyi kwamba walishinda kila kitu. Sensa ya 2021 imetoa watu kama 538,000, chini ya asilimia 18. Ila ile karne ya 21 tumo ndani yake na lugha haijakwisha, ina televisheni, ina vyuo, vibao vya barabara vyote mnaviona.

Najua mtaniambia shangazi, Kiswahili siyo Kiwelisi, Kiswahili kina watu zaidi ya milioni mia, hakifi. Kweli hakifi. Kitakufa sebuleni kwako tu, na kikishakufa hapo hao mamilioni hawatakuja kumjibu bibi kwenye simu kwa niaba ya mwanao. Hao Wawelisi walikuwa wanapigana na ofisi, sisi hakuna dalali aliyekuja kubeba Kiswahili chetu, tunakitoa wenyewe mlangoni.

Kwa hiyo ombi langu. Mwenye nafasi shule ya Kiwelisi ampeleke mtoto, watoto wengi mle wanatoka nyumba zisizojua neno moja la Kiwelisi, Kiingereza watakipata tu, kimejaa mtaani na kwenye tableti, na mtoto atakaa darasani na wenzake ambao lugha mbili kwao ni jambo la kawaida kabisa, haoni aibu akisikia mama yake anamwita kwa Kiswahili getini. Na nyumbani mtoto akikusemesha Kiingereza wewe mjibu Kiswahili, asipoelewa rudia, onyesha kwa kidole, usimkasirikie, usimcheke akikosea. Wababa hili linawahusu hasa, mnarudi mmechoka mnachagua njia fupi.

Na kuanzia Jumamosi hii saa nane mchana sebule yangu iko wazi. Hakuna ada. Nitapika maandazi na chai ya tangawizi, kila mtoto aje na neno moja aliloulizia nyumbani, la samaki, la mboga, la chombo cha jikoni, chochote, na nimeshaongea na yule bibi wa Tanga tutampigia simu tukiwa wote, atauliza tena umekula nini.

Shangazi yenu,
Cardiff