Kumtoza mtu ada baada ya kulipa ni kumkaba

Kwa Mhariri,

Ile habari yenu ya ofa za maduka ya mtandaoni, pale mlipomnukuu msemaji akisema wateja wengi wanalalamika kwa sababu hawasomi masharti, imenikera mpaka nimeona leo niandike. Gazeti hili linaingia nyumbani kwetu tangu marehemu baba alipokuwa akifanya kazi bandarini na sijawahi kuwaandikia hata neno moja, nasoma naweka chini basi. Lakini hili la masharti siwezi kulinyamazia kwa sababu mie niliyasoma. Niliyasoma kwa simu usiku watoto wamelala, yote mpaka chini, na ile ada niliyotozwa na duka la mtandaoni nililonunua friza haikuwemo popote. Sasa huyo msemaji anatuambia tusome nini?

Mie nauza juisi hapa Kisauni, ukwaju, maembe, mabungo yakiwa ni msimu wake, na nilitaka friza kubwa kwa ajili ya oda za harusi za Disemba. Friza yenyewe niliiona kwenye apu ya duka hilo tangu mwezi wa nane ikiuzwa 31,500, nikapiga skrinishoti nikamuonyesha mume wangu tukasema tujikusanye kwanza. Novemba ikaingia na mabango yao mekundu, friza ni ile ile, picha ile ile, muuzaji yule yule, sasa imeandikwa bei ya zamani 41,999 imekatwa mstari, bei ya leo 29,999, punguzo asilimia 29. Hiyo 41,999 iliuzwa lini na aliinunua nani? Mie nimeifuata hiyo friza miezi mitatu, haijawahi kufika huko. Punguzo la kweli lilikuwa kama 1,500 hivi, si 12,000. Lakini hata 1,500 ni pesa, na chini wakaandika usafirishaji bure mpaka Mombasa, na ukilipa mapema kwa M-Pesa unarudishiwa 2,000. Nikalipa.

Mzigo ulipofika nikapigiwa simu na dereva, ananiambia mama nipo hapa barabarani na friza yako lakini kuna ada ya mzigo mkubwa 2,850 ulipe kwanza ndo tushushe. Nikamwambia mwanangu mie nimeshalipa kila kitu na imeandikwa usafirishaji bure, akasema mama mie ni dereva tu nimeandikiwa hivi kwenye karatasi, usipolipa nimeambiwa nigeuze gari. Simlaumu kijana wa watu, alikuwa amesimama juani na ana mizigo mingine ya kupeleka Bamburi. Nikapiga simu kwao, muziki, nikasubiri, muziki, simu ikakatika, nikapiga tena mpaka salio likaniishia, na dereva anaangalia saa, na majirani wametoka nje wanatazama, na mie nina oda ya harusi Ijumaa na shilingi 29,999 zangu ziko kwao na friza iko juu ya pikapu yao. Fikiria hapo Mhariri mtu ana chaguo gani! Nikisema sitaki, friza inarudi Nairobi na pesa zangu sijui nitazipata lini, maana masharti yao yale yale niliyoyasoma yanasema kurudishiwa pesa ni mpaka mzigo ufike ghalani ukaguliwe halafu usubiri siku za kazi. Nikisema nalipa, nimekubali kuibiwa. Nikalipa. Na hapo ndo nikaelewa kwa nini hiyo ada haikutajwa mwanzo. Ingetajwa mwanzo ningelinganisha na bei za maduka ya mjini nikaona ni zile zile, pengine mjini rahisi zaidi, na nisingenunua kwao. Wanaitaja mwisho kwa sababu mwisho mteja hana nguvu tena, pesa zake zimeshashikwa. Hiyo si ada ya mzigo mkubwa, ni kumkaba mtu mlangoni kwake.

Kisha zile 2,000 za kurudishiwa hazikuja. Nikaandika kwenye chati yao, inajibu roboti, Mpendwa mteja tunasikitika kwa usumbufu, nikaandika tena, Mpendwa mteja tunasikitika kwa usumbufu. Alipokuja mtu mwenyewe akaniambia ile ofa ilikuwa ya bidhaa teule, nikamtumia skrinishoti ya friza yenyewe ikiwa na ofa pale pale pembeni ya picha, akanyamaza. Baadaye nikaletewa ujumbe kwamba lalamiko langu limefungwa, na kama shukrani nimepewa vocha ya 500. Hiyo vocha inatumika ukinunua vitu vya zaidi ya 5,000 na inakufa ndani ya siku saba! Yaani wananidai nitumie 5,000 nyingine kwao ndo nipate 500 katika 4,850 zangu walizonazo.

Na nikiwa hapo hapo, hawa wanaouza Facebook na Instagram nao. Mtu anaweka picha ya dera zuri kabisa, watu mia wanauliza bei gani, jibu ni njoo inboksi. Bei ni siri ya nini? Nenda Kongowea sokoni, mama aliyetandaza nyanya chini anakwambia fungu hamsini kila mtu akisikia, mkishindana mnashindana mbele za watu. Hawa wa inboksi wanakuangalia picha yako ya profaili kwanza, wakiona umepiga picha hotelini bei inapanda. Binamu yangu na mie tuliulizia buibui moja kwa mtu mmoja siku moja, tukaambiwa bei mbili tofauti. Ni ugonjwa ule ule wa kuficha bei mpaka wakushike.

Na msiniambie sheria hakuna. Katiba kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike na anachonunua, na haki ya kulipwa fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro ya bidhaa au huduma. Sheria ya Ushindani ya 2010 kifungu cha 56 inamkataza mtoa huduma kumtoza mtu ada ambayo hakujulishwa kabla. Ni maneno ambayo hata mtoto wa darasa la saba anayaelewa. Tena hii Mamlaka ya Ushindani inayosimamia sheria hiyo imeshawahi kufanya kazi nzuri, mwaka 2016 iliagiza mabenki na kampuni za pesa za simu zimuonyeshe mteja gharama kwenye simu yake kabla hajathibitisha. Kama mtu anayetuma mia mbili anastahili kujua anakatwa ngapi kabla hajabonyeza, vipi mtu anayelipa karibu elfu thelathini afichwe 2,850 mpaka gari lifike mlangoni?

Watu huniambia nenda korti ya madai madogo, zipo tangu 2021, inasikiza kesi za mpaka milioni moja, wakili si lazima na hukumu inatakiwa itoke ndani ya siku 60. Ni kitu kizuri na naishukuru serikali kwa hilo. Lakini nifunge biashara ya juisi, nipande matatu, nipange foleni, nirudi tena siku ya kutajwa na siku ya kusikizwa, kwa 4,850? Hao watu wanajua vizuri kwamba hakuna atakayefanya hivyo. Wanatuchukulia kidogo kidogo kila mmoja, kiwango ambacho hakifiki bei ya usumbufu wa kukidai, na sisi ni wengi.

Dadangu yuko Ujerumani, nilipomsimulia alishangaa. Huko tangu Mei 2022 Umoja wa Ulaya unalazimisha duka likitangaza punguzo lionyeshe bei ya chini kabisa waliyouza siku 30 zilizopita. Yaani ile 41,999 ya uongo isingepita.

Mimi naomba tufanyiwe hivi. Kwanza hiyo ya siku 30 iletwe hapa kama ilivyo, iandikwe pembeni ya bei kwa maandishi yanayosomeka, si yale madogo ya kutafuta miwani. Pili, duka lolote likiongeza hata shilingi moja baada ya mteja kulipa, mteja akikataa pesa zake zirudi M-Pesa pale pale gari likiwa bado limesimama mlangoni, kabla halijageuza, si kwenye pochi ya apu yao wala si vocha. Msiseme haiwezekani. Pesa yangu kwenda kwao ilichukua sekunde chache tu, meseji iliingia kabla sijaweka simu chini, njia ile ile inaweza kurudi nayo. Tatu, ofa za kurudishiwa pesa zipigwe marufuku kabisa, kama una 2,000 ya kunipa nipunguzie kwenye bei sasa hivi nilipe pungufu.

Risiti ninayo, skrinishoti ya mwezi wa nane ninayo, ya Novemba ninayo, na ile karatasi ya dereva niliipiga picha. Mwandishi wenu akitaka kumrudia yule msemaji na swali la maana, au mtu wa Mamlaka akitaka kuziona, anipigie kwa namba niliyoiacha kwenye ofisi yenu ya Mombasa, ila asubuhi kabla ya saa nne kwa sababu baada ya hapo niko na wateja.

Mama muuza juisi,
Kisauni, Mombasa