Risala ya Wanamichezo wa Chuo kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Fainali

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Makamu Mkuu wa Chuo, wahadhiri, walezi wetu na wanamichezo wenzetu, tunawasalimu na kuwakaribisha.

Mheshimiwa, alfajiri ya leo mabinti wa netiboli na vijana wa kikapu walikuwa wameinama hapa uwanjani na ndoo, mafagio na vipande vya godoro, wakifyonza maji ya mvua ya usiku. Saruji ikilowa inateleza. Masika iliyopita mfungaji wetu wa netiboli aliteguka kifundo cha mguu mbele ya goli, akayakosa mashindano ya vyuo. Wenzetu wa mpira wa vinyoya ndio hawachezi kabisa, maana upepo wa bahari unaupeleka unakotaka.

Ombi letu ni ukumbi wa michezo wa ndani.

Tumekaa na mwalimu wetu wa michezo tukapima. Kiwanja cha mpira wa mikono, mita 40 kwa 20, kinatosha kuchorwa ndani yake kiwanja cha netiboli cha mita 30.5 kwa 15.25 na cha kikapu cha mita 28 kwa 15, kila mchezo na rangi ya mistari yake. Paa lisishuke chini ya mita 7, la sivyo mpira wa wavu utagonga dari. Madirisha yawe juu, hewa ipite. Joto la Dar es Salaam tunalijua sote.

Mitihani na mahafali vitaingia humo pia, na maturubai ya kukodi yatapungua. Ila kwa heshima zote tunasema: michezo itangulie kwenye ramani. Ukumbi ukichorwa kwa ajili ya mikutano, utawekwa vigae, na vigae vinaumiza magoti.

Hasheem Thabeet, mcheza kikapu, kijana wa Dar es Salaam, alichezea Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani, chenye ukumbi wa Gampel unaochukua watazamaji zaidi ya 10,000. Mwaka 2009, kati ya wachezaji wapya waliochaguliwa kuingia NBA, ligi ya kikapu ya kulipwa ya Marekani, yeye alichaguliwa wa pili, akawa Mtanzania wa kwanza kufika huko. Sisi hatuombi viti 10,000. Tupatiwe paa na sakafu. Mabenchi ya upande mmoja yatatutosha kuanzia.

Eneo nyuma ya mabweni lipo wazi. Ukitupa neno lako leo, Jumamosi tutaingia na majembe kulisafisha.

Tunaomba kuwasilisha.