Watani wasifukuzwe msibani

Mhariri naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako, kuna jambo linanikera sana na hapa Tabora naona linazidi. Siku hizi mtani wa kabila akifika msibani akaanza mambo yake ya kutania na kuchekesha wafiwa watu wanamtolea macho, eti hana adabu, eti anavuruga ratiba ya MC. Juzi juzi hapa Isevya nimeona mtani wetu Mzaramo anatolewa nje ya turubai na vijana wa kamati, mzee wa watu kaja kwa nauli yake, wakati sisi Wanyamwezi na Wazaramo utani wetu ni wa toka enzi za misafara ya pwani, babu zetu wanapita kwao na mizigo ya pembe begani.

Hao vijana hawajui kicheko kinafanya kazi gani mwilini. Ukicheka kile cha kushika mbavu, misuli ya tumbo na kifua inafanya kazi, hewa inaingia nyingi, moyo unaenda mbio kidogo halafu unatulia na mwili mzima unalegea. Na ubongo unatoa endofini, yaani dawa ya maumivu ambayo mwili unajitengenezea wenyewe bure. Mwaka 2011 Robin Dunbar wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzake walitoa utafiti wao, waliwaonyesha watu vichekesho halafu wakawapima kuvumilia maumivu, wanavalishwa kitu cha baridi kali mkononi au ule mkanda wa kupimia presha unajazwa upepo mpaka unabana kweli kweli, na waliocheka walivumilia zaidi. Halafu 2017 kule Turku, Finland, wakapima ubongo wa wanaume 12 waliotoka kucheka na marafiki zao, wakakuta kweli hiyo dawa ya mwili inatoka. Mtafiti Mmarekani Robert Provine naye alishaonyesha kwamba mtu anacheka kama mara 30 zaidi akiwa na wenzake kuliko akiwa peke yake.

Sasa nani ana maumivu kuliko mfiwa? Na wenzake si ndo hao wamejaa uwanjani!

Tulipomzika baba mdogo, mtani alivaa koti la marehemu, kashika na bakora yake, akawa anachechemea vile vile kama mzee mwenyewe, kaenda mpaka kwenye mkeka wa mjane akasimama, "We mama, chai gani hii haina sukari, au kwa sababu nimekufa?" Mama mdogo alikuwa hasemi na hali chochote toka maiti ifike, basi alicheka mpaka mtandio ukamdondoka, akalia, akacheka tena, baadaye ndo akaomba uji. Sisi tulikuwa tumembembeleza usiku kucha tumeshindwa.

Ni kweli wapo wanaozidisha, wanatukana au wanang'ang'ania hela mpaka mazishi yanachelewa, hao wazee wa ukoo wakae nao pembeni waambiane. Lakini kumfukuza mtani mbele za watu hapana jamani. Kamati zikipanga bajeti ya turubai na spika ziweke na hela ya mtani, na MC aambiwe mapema nani ni mtani wa nani ili ampe nafasi yake. Na wasomaji wa Kigoma, huko kwenu watani bado wanakuja msibani au na nyie mmeshaanza kuwafukuza? Andikeni tujue.

Msomaji wako,
Isevya, Tabora